Mwenye Jukwaa na Mwenye Sauti

Hoja: Mchezo wa jukwaani juu ya maisha ya mwanamuziki Tabu Ley Rochereau ukitungwa Bunia, mashariki mwa Kongo, mapenzi yake yaingie au yaachwe nje?

Wasemaji: MWONGOZAJI wa kikundi cha michezo, MWIGIZAJI wa kike wa kikundi hicho, MZEE aliyekulia katika rumba, na MWANASHERIA.

MWONGOZAJI: Yaingie, tena yote. Kwa miaka mingi vikundi vya hapa kwetu vimecheza michezo ya kuagizwa: kunawa mikono, kurudisha silaha, Ebola ya 2018 hadi 2020, amani kati ya jirani na jirani. Kazi hizo zimesaidia watu na sizidharau. Lakini wakaaji wa Bunia wana haki pia ya mchezo unaosema juu ya tamaa, wivu, fahari na kuachana. Sijui msanii mwingine wa nchi hii ambaye maisha yake yalibeba hayo yote kwa pamoja kama Tabu Ley. Alikuwa mtunzi, mkuu wa okestra, mtayarishaji wa maonyesho, mume wa mwimbaji wake, baba wa watoto wanaotajwa kwa makumi, kisha mwanasiasa. Ukiyaondoa mapenzi, kinachobaki ni orodha ya santuri.

MZEE: Orodha hiyo unayoiona nyepesi ndiyo iliyotulea, kijana. Mwaka 1963 alitoka okestra ya African Jazz ya Grand Kallé pamoja na mpiga gitaa Dokta Nico, wakaunda African Fiesta. Mwaka 1965 wakatengana, yeye akaendelea na African Fiesta National. Desemba 1970 akapanda jukwaa la Olympia, Paris, jina lake likiwa la kwanza kwenye bango. Mtoto wa Bandundu! Akaunda Afrisa International, akaweka wachezaji wa kike walioitwa Rocherettes, akapanga mavazi na mwendo wa jukwaani, hata watu wakaelewa kwamba okestra si safu ya wanaume waliosimama na magitaa. Hiyo ndiyo kazi ya mtayarishaji: kumfanya aliyelipa kiingilio aondoke akijua ameona kitu. Sasa nyinyi mnataka kumtoa Olympia mumpeleke moja kwa moja chumbani. Mtu huyu alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013. Hawezi kuwajibu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa kata.

MWIGIZAJI: Papa, kwa heshima yote, chumba hicho hakikuwa na mlango. Mbilia Bel aliingia Afrisa mwaka 1981. Wimbo uliomtambulisha, "Mpeve ya Longo", unamhusu mwanamke aliyeachwa na mumewe, analea watoto peke yake. Aliyeutunga ni Tabu Ley. Baadaye akawa mume wa mwimbaji huyo huyo, wakapata binti. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichukua ndoa, wivu na kuachwa, akavitia gitaa na kuvileta mbele ya watu. Leo tukisema mapenzi yake ni siri, tunasema juu ya siri iliyopigwa katika kila baa kuanzia Kinshasa hadi Mombasa.

MZEE: Mtunzi si wimbo wake, binti yangu. Mtu anaweza kuimba msiba bila kufiwa. Na fikiri jinsi jambo lile lilivyokuwa la ujasiri. Maneno ya mwanamke aliyeachwa, angeweza kuyaimba mwenyewe, sauti ile alikuwa nayo. Hakuyaimba. Alimtafuta mwanamke, akampa nafasi ya mbele, yeye akasimama pembeni. Wake wangapi wa nchi hii walisikia maumivu yao yakitajwa redioni kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mwanamke mwenzao? Hilo ni tendo la mtayarishaji mkubwa. Lipeni heshima yake kabla ya kuuliza alikuwa akimpenda nani.

MWIGIZAJI: Ninaipa heshima hiyo. Lakini tazama njia ambayo maumivu hayo yalipitia. Ili mwanamke aseme kwamba ameachwa, ilibidi mwanamume aandike, mwanamume amchague wa kusema, mwanamume amiliki santuri, na mwanamume huyo huyo awe mume. Mimi nikiambiwa nimcheze Mbilia Bel, nitaanza na hilo. Sitaanza na busu.

MWANASHERIA: Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Katika miaka ile ya 1980 Tabu Ley alikuwa na nafasi nne mbele ya Mbilia Bel. Alikuwa mtunzi wa nyimbo alizoimba. Alikuwa mkuu wa okestra aliyoimbia. Alikuwa mwenye lebo, Genidia, iliyotoa santuri zao, pamoja na "Eswi yo Wapi" ya 1983. Na alikuwa mume. Mfanyakazi wa kawaida akigombana na mkubwa wake kazini, hurudi nyumbani kupumua. Akigombana nyumbani, huenda kazini kupumua. Mwimbaji huyu, siku ya ugomvi, angekwenda wapi? Mimi siulizi nani alilala wapi. Ninauliza: mtu mmoja akishika nafasi zote nne, mwenzake amebakiwa na mlango gani wa kutokea?

MZEE: Mlango ulikuwepo, Mama, kwa maana alitoka. Alitoka mwishoni mwa miaka ile ya 1980, na mwaka 1988 akawa na albamu yake "Phénomène" pamoja na mpiga gitaa Rigo Star. Hakutoka kama alivyoingia. Alipofika Afrisa alikuwa ametoka kwa mwimbaji Abeti Masikini, ambako alicheza na kuitikia. Alipoondoka, jina lake lilijulikana Abidjan, Dar es Salaam na Nairobi. Wakenya hadi leo wanaushika "Nakei Nairobi" kana kwamba uliandikwa na mtu wa kwao. Nani alilijenga jina hilo? Mnataka kuandika kwamba alikuwa mfungwa. Mfungwa gani anatoka gerezani akiwa malkia?

MWIGIZAJI: Jina alilijenga yeye pia, Papa. Tabu Ley alikuwa amefanya kazi na sauti nyingi; kwa nini ile moja ndiyo iliyoshika bara zima? Kwa sababu ilikuwa yake, haikutungwa na mtu. Lakini alipotoka, alibeba sauti tu. Nyimbo zilibaki na mtunzi, jukwaa likabaki na mwenyewe, na Afrisa ikamweka mbele mwimbaji mwingine, Faya Tess. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka watu waione. Mwenye jukwaa akiachwa na mwenye sauti, hutafuta sauti nyingine. Mwenye sauti akiacha jukwaa, huanza upya.

MZEE: Na Afrisa je? Baada ya kuondoka kwake, ilirudi pale ilipokuwa? Mimi ninayeisikiliza hadi leo nakuambia haikurudi. Muziki wenyewe ulikuwa unageuka, vijana walitaka mwendo wa kasi, na okestra ile kubwa ikawa imepoteza sauti iliyoipa uhai mpya. Mwanamume yule naye alipoteza. Usitunge mchezo ambamo mmoja ana mizani na mwingine ana kidonda. Wote wawili walikuwa na kidonda.

MWANASHERIA: Kidonda ni haki ya kila mtu, Papa. Mimi nashughulika na karatasi. Nchi hii ina sheria ya Aprili 1986 inayolinda haki za watunzi na, kando yake, haki za wale wanaoimba na kucheza kazi za wengine. Sheria ipo. Lakini mwimbaji ataidaije kwa mume wake? Ataingia biro ya nani, apeleke shtaka gani, jioni arudi nyumba gani? Kisha ikaja Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Kifungu chake cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi ambayo angepaswa kuifanya yeye mwenyewe. Kuimba ni kazi ya namna hiyo hasa. Maana yake: mke mwimbaji, mumewe akiwa ndiye prodyuza wake, angehitaji ruhusa ya prodyuza huyo ili kwenda kuimba kwa prodyuza mwingine. Kifungu hicho kilikaa katika vitabu hadi marekebisho ya Julai 2016.

MZEE: Unamshtaki Tabu Ley kwa sheria ambayo hakuiandika.

MWANASHERIA: Simshtaki. Sheria ile ilianza kutumika mwaka 1988, na wakati huo Mbilia Bel alikuwa akijenga njia yake mwenyewe. Naisoma ili muone nchi nzima ilivyofikiri. Tabia ya mtu mmoja ingekuwa jambo dogo. Hapa tabia, desturi na sheria vilisema neno moja: mwanamke akiolewa na anayemwajiri, ajira imeingia ndani ya ndoa. Mchezo ukinyamaza juu ya mapenzi, utanyamaza juu ya jambo hilo pia, na jambo hilo bado linaishi.

MZEE: Basi niambieni juu ya Gérard Akueson. Mtogo, prodyuza, mtu aliyemshughulikia Bella Bellow wa Togo kabla hajafika Kinshasa. Mwaka 1971 akamwona msichana wa Kisangani, Abeti. Februari 1973 msichana huyo yuko Olympia. Mwaka 1974 yuko Carnegie Hall, New York. Wakafanya kazi pamoja, wakapendana, wakafunga ndoa mwaka 1989, na walikuwa pamoja hadi Abeti alipofariki Ufaransa Septemba 1994. Prodyuza na mwimbaji wake, nafasi zile zile mnazozihesabu, na hakuna aliyetupwa. Upendo ndio uliomfikisha New York. Mkiandika sheria kwamba mwenye jukwaa asimpende mwimbaji wake, mtakuwa mmemfuta Abeti.

MWONGOZAJI: Na Abeti ni wetu kwa njia ambayo vijana wengi hapa hawaijui. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa rais wa kwanza wa jimbo la Mashariki, na Ituri ilikuwa ndani ya jimbo hilo. Alikuwa mtu wa Lumumba, akauawa Bakwanga Februari 1961. Binti yake hakuwa hata na miaka saba. Kisha akakua, akaimba Kilingala, Kifaransa na Kiswahili chetu. Mnaona kwa nini nataka maisha mazima? Mtu akijua baba huyo alikufa vipi, atasikia tofauti jinsi binti yule alivyokuwa akisimama jukwaani.

MWANASHERIA: Mfano wa Akueson ni mzuri, Papa, na sitaukwepa. Lakini tuusome wote. Kazi ilianza mwaka 1971, ndoa mwaka 1989. Kwa muda wa karibu miaka kumi na minane watu walimwona akifanya kazi kama prodyuza, na kazi hiyo ilipimika: Olympia, Carnegie Hall, Zénith ya Paris. Akueson hakuwa mwimbaji anayegombea nafasi ya mbele na mkewe. Okestra, Les Redoutables, ilimzunguka Abeti, na yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha bango. Kwa hiyo mfano wako hausemi kwamba mapenzi kazini hayana hatari. Unasema hatari inapungua pale ambapo mwenye sauti ndiye mwenye jina na mwenye fedha anafanya kazi kwa ajili ya jina hilo.

MZEE: Au unasema kwamba watu wawili wakipendana kwa kweli, hesabu zenu zote hazina kazi.

MWIGIZAJI: Upendo wa kweli haukatai hesabu, Papa. Anayenipenda hataogopa kuniandikia.

MZEE: Sasa nimgeukie kijana huyu, kwa sababu yeye amekaa kimya nyinyi mkimfanyia kazi. Umesema yaingie yote. Mbilia Bel yu hai. Ana binti, ana jina, bado anaitwa majukwaani. Umemwandikia? Umemuuliza kama anataka ndoa yake ichezwe Bunia na watu asiowajua, watu wazima na watoto wakitazama? Mnalia kwamba Tabu Ley aliyachukua maumivu ya mwanamke akayaandika kwa kalamu yake. Wewe unafanya nini tofauti? Wewe pia ni mwanamume, una kikundi, una kalamu, na unataka kumweka msichana mbele aseme maneno utakayomtungia.

MWONGOZAJI: Neno hilo ni zito na nalipokea. Lakini sikubali kwamba jibu lake ni kunyamaza. Mambo yaliyotendeka mbele ya watu ni ya watu. Ndoa yao ilitangazwa, nyimbo zao ziliuzwa, kuachana kwao kuliandikwa magazetini. Hata watoto wamesema. Youssoupha, mwana wa Tabu Ley aliyezaliwa Kinshasa na mama Msenegali, akakulia Ufaransa, alitoa mwaka 2012 wimbo unaoitwa "Les disques de mon père", na baba mwenyewe akasikika ndani yake. Mtoto aliyemjua baba kwa mbali alimwita ndani ya wimbo, baba akaitika. Wao wenyewe wamefungua. Mimi siwezi kufungua zaidi ya hapo, lakini pia sioni kwa nini nifunge.

MZEE: Mtoto ana haki ya kuulizia santuri za baba yake. Wewe si mtoto wake.

MWANASHERIA: Tofauti ya Papa ina nguvu, na mahakama nyingi zingeielewa. Kilichotangazwa na mwenyewe kinaweza kurudiwa. Kilichodhaniwa na majirani hakigeuki ukweli kwa kuwekwa jukwaani. Kwa nini Mbilia Bel aliondoka Afrisa? Watu walisema hiki, wengine kile: wivu, wanawake wengine, fedha. Mwongozaji akichagua moja na kuipa maneno, ameshahukumu. Na anayehukumiwa ana watoto wanaotembea mjini wakibeba jina lake.

MWIGIZAJI: Basi nitashangaza watu hapa. Juu ya kitanda, niko upande wa Papa. Sitaki kucheza ugomvi ambao hakuna aliyeusikia. Sitaki kulia machozi ambayo nimeyabuni kwa ajili ya mwanamke aliye hai. Lakini siko naye juu ya mapenzi kuachwa nje. Nataka tuonyeshe mapenzi pale yanapogusa kazi: nani anachagua wimbo, nani anasimama mbele, nani anapokea fedha baada ya onyesho, nani anaweza kusema hapana na asubuhi akabaki na kazi yake. Hayo hayahitaji tundu la ufunguo.

MWONGOZAJI: Dada yangu, nani atalipa kuja kutazama hesabu za mshahara? Mtazamaji anataka moto. Ukimwonyesha mkataba, atasinzia.

MWIGIZAJI: Mwonyeshe mwanamke ambaye hana mkataba, uone kama atasinzia. Nusu ya waliokaa mbele yako wanauza sokoni bidhaa ambayo mwenye mtaji ni mume, au wanalima shamba ambalo mwenye karatasi ni shemeji. Watamjua Mbilia Bel kabla hajafungua kinywa. Na kama hujaelewa, Yaya, nitakuuliza la karibu. Katika kikundi chetu, mkataba wangu uko wapi?

MWONGOZAJI: Unajua hali. Fedha inakuja kwa vipande, na mara nyingi inachelewa. Mtoa fedha anaandika jina moja, la mkuu wa kikundi. Mimi ndiye ninayesaini, mimi ndiye ninayegawa. Mnapokosa nauli, mimi ndiye ninayekopa. Hakuna anayeniuliza nilikopa kwa nani.

MWIGIZAJI: Sijasema umeniibia. Nimeuliza karatasi iko wapi. Saini ni yako, mgawo ni wako, nafasi ya kucheza ni yako kutoa na kunyima. Zimeshakuwa nafasi tatu kati ya zile nne alizozihesabu Mama. Msichana mwenzangu akipendwa na mwenye nafasi hizo tatu, atajuaje kama amechaguliwa kwa sababu anacheza vizuri? Sisi wengine tutajuaje? Na siku mapenzi yakiisha, mnajua ni nani atakayeacha kuitwa mazoezini. Mambo haya yanatokea katika vikundi, katika kwaya, katika okestra za vijana, na mara zote tunaambiwa ni ya watu wawili.

MZEE: Sasa mnataka kuwakataza vijana kupendana wakiwa kazini? Watu hukutana wapi, kama si pale wanapoimba pamoja, wanapocheza pamoja, wanapoogopa pamoja nyuma ya pazia? Muziki wetu wote ulizaliwa na watu waliopendana mahali pabaya. Rumba iliandikwa na UNESCO Desemba 2021 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ukitoa mapenzi ya kazini ndani ya urithi huo, utabaki na ngoma isiyo na maneno.

MWIGIZAJI: Sikatazi kupenda, Papa. Nakataza kupenda kugeuka mshahara, na mshahara kugeuka njia ya kupendwa. Mtu anipende, lakini mgawo wangu usitegemee kama jana nilikubali kuonana naye.

MWANASHERIA: Na hilo linaweza kuandikwa, kwa kurasa mbili. Mgawo wa kila onyesho. Nani anachagua wachezaji, na kama mkuu ana uhusiano na mmoja wao, nani anachagua badala yake. Kazi iliyotungwa pamoja ni ya nani kikundi kikivunjika. Sheria haihitaji kuingia chumbani. Inahitaji tu kuhakikisha kwamba mtu akitoka chumbani, hajatoka kazini pia.

MWONGOZAJI: Mnanisogeza kwenye kona, lakini mnaniacha na mchezo usiokuwa na mtu ndani yake. Tabu Ley wenu ni nafasi nne na kurasa mbili. Wangu ni mtu. Alijua kupenda hata wimbo ukatetemeka, akajua kuumiza, akazeeka, akapata kiharusi mwaka 2008, akafia ugenini, akarudishwa Kinshasa kuzikwa kwa heshima za taifa. Kama siwezi kuonyesha kwamba mtu mmoja alikuwa na yote hayo, afadhali nirudi kwenye mchezo wa kunawa mikono. Na nitawaongezea: nitamwonyesha hata katika siasa. Novemba 2005 alikuwa makamu wa gavana wa Kinshasa, na kiti kile kilikuwa fungu la RCD, waasi waliogeuka chama, baada ya mapatano ya amani. Mtazamaji wa Bunia anajua herufi hizo tatu zilimaanisha nini hapa.

MZEE: Hapo unamwonea wazi. RCD iligawanyika. Tawi lililoweka makao yake hapa Bunia mwaka 1999 halikuwa lile lililobaki Goma, na viongozi wao walipigana wenyewe kwa wenyewe. Kutaja herufi hizo mbele ya watu waliozika ndugu zao, bila kufafanua, ni kumpaka mtu damu ambayo si yake.

MWONGOZAJI: Basi nitafafanua.

MZEE: Jukwaani? Kwa maneno mangapi? Watu watasikia RCD, wataacha kusikia kitu kingine chochote. Unaona sasa ninachokisema tangu mwanzo? Kuna mambo ambayo yakiingia jukwaani yanameza mengine yote. Siasa ni moja. Kitanda ni cha pili. Baada ya hapo hakuna atakayekumbuka kwamba mtu huyu hutajwa kuwa alitunga nyimbo zipatazo elfu tatu. Nitakuwa nimeishi hadi kumwona Tabu Ley anakumbukwa Bunia kwa yale ambayo jirani yeyote angeweza kuyafanya, na kusahauliwa kwa yale ambayo yeye peke yake aliyaweza.

MWANASHERIA: Hoja hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote ulizosema, Papa. Makosa yake yalikuwa ya kawaida, kipaji chake hakikuwa cha kawaida. Lakini nami nikujibu. Kwa sababu makosa yalikuwa ya kawaida, ndiyo maana yanatuhusu. Kipaji chake hatuwezi kukiiga. Namna alivyoshika nafasi zote nne, hiyo tunaiiga kila siku, na wengi wanaoiiga hawana hata wimbo mmoja wa kuwaombea msamaha.

MZEE: Msamaha haununuliwi kwa nyimbo, hapo nakubali. Lakini hukumu nayo haitolewi kwa mchezo wa saa moja.

MWIGIZAJI: Basi tusitoe hukumu. Yaya, kazi yetu ya miaka yote tumeifanya vipi? Tunacheza hadi mahali pa ugomvi, tunasimama, tunamwita mtazamaji aingie jukwaani achukue nafasi ya mmoja wetu, aonyeshe yeye angefanya nini. Tumefanya hivyo kwa ugomvi wa mashamba, watu wameingia, wamebishana, wengine wamekumbatiana, wengine wameondoka na hasira. Kwa nini tumchezee Tabu Ley kwa njia nyingine? Tucheze hadi siku ambayo mwimbaji anamwambia mkuu wa okestra: nataka kuondoka. Tusimame hapo. Bila kitanda, bila machozi ya kubuni. Kisha aingie anayetaka kuwa yeye, na aingie anayetaka kuwa mume.

MWONGOZAJI: Na kama mtazamaji akileta kitanda mwenyewe? Na kama akileta RCD?

MWIGIZAJI: Atakuwa amekileta yeye, mbele ya jirani zake, na watamjibu.

MWANASHERIA: Na jina la mwanamke? Mtatumia lake?

MWIGIZAJI: La mwanamume litumike, kwa kuwa kazi yake ya hadharani inajulikana. La mwanamke lisitamkwe hadi tutakapomwandikia na kujibiwa. Atakayemtambua, amemtambua.

MZEE: Hilo la barua naliunga mkono. Hilo la kusimama katikati silipendi. Mtu aliyejenga Afrisa anastahili mwisho wake, si mwisho wa kila anayepita balabalani. Nitakuja, na nitakaa kiti cha mbele. Mkimfanya shetani nitasimama niseme.

MWIGIZAJI: Simama, Papa, na upande uingie nafasi yake. Umwambie mwimbaji kwa nini abaki. Mimi nitakuwa mbele yako, na nitakujibu.

MWONGOZAJI: Mazoezi yaanze wiki ijayo, basi.

MWIGIZAJI: Yaanze karatasi ikishasainiwa.